Picha Kubwa na Mwenye Mji Aliyegeuzwa Pambo

Ndugu msomaji, sisi tuliokulia Mombasa mwishoni mwa miaka ya sabini tulilijua gari la sinema kabla ya kuijua sinema yenyewe. Likiingia mtaani jioni, watoto hulikimbilia wakipiga kelele, "Sinema leo! Sinema leo!" na baada ya sala ya Isha uwanja hufurika, wakubwa juu ya mikeka na wadogo mchangani. Hutungikwa kitambaa cheupe, na upepo wa bahari ukivuma, nyuso za watu walio pichani hukunjika na kukunjuka. Marehemu mwalimu wangu wa chuoni hakutukataza kwenda. Siku hizo alikuwa akitusomesha habari ya mashahidi: nani ushahidi wake hukubaliwa na nani hukataliwa. Akatwambia, "Picha nayo ni shahidi. Tazameni inayoyasema, kisha jiulizeni yapi imeyanyamazia."

Neno lile lilinirudia ukubwani, mbali sana na uwanja ule. Nilikuwa Marekani kumzuru dada yangu, na siku moja mwanawe wa miaka tisa akanishika mkono, twende jumba la makumbusho tukaone "picha kubwa". Viti vya humo vimepangwa kama ngazi, na mbele yako kimesimama kiwambo cha urefu wa nyumba ya ghorofa tano. Ukiketi, huoni mwisho wake kulia wala kushoto. Taa zikazimwa, na mara tukajikuta Serengeti.

Filamu yenyewe yaitwa Africa: The Serengeti, ya mwaka 1994. Aliyeiongoza ni George Casey, na sauti inayosimulia ni ya Mmarekani mashuhuri James Earl Jones, ambaye alifariki mwaka 2024. Habari yake ni safari ya nyumbu na punda milia wanaoandama mvua na majani kutoka nyanda za kusini mwa Serengeti, Tanzania, hadi Maasai Mara huku kwetu Kenya, kisha wakarudi. Sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Nyumbu walipoufikia mto Mara na kuanza kujitupa majini, mamba nao wakiwangojea, jumba zima lilishusha pumzi kwa pamoja. Mtu wa pwani aliyezaliwa kando ya maji hushangaa akiona mto ukigeuka ardhi kwa wingi wa migongo ya wanyama. Nilimtukuza Muumba kimoyomoyo, na sioni haya kusema hivyo.

Baadaye wakatokea Wamasai. Shuka nyekundu, shanga, fimbo, ng'ombe, na nyuma yao uwanda usio mpaka. Walipendeza mno. Walipita kama walivyopita twiga, kisha picha ikarudi kwa wanyama. Ndipo mpwa wangu aliponivuta mkono, akaninong'oneza: "Mjomba, hawa watu nani aliwaruhusu kukaa kwa wanyama?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa gizani. Nilimwambia tutazungumza nyumbani, na nyumbani palikuwa na wageni. Makala haya ni jibu nililomwia mtoto yule, na nayaandika hapa kwa sababu swali lake si la kitoto hata kidogo. Ndilo swali ambalo serikali, mahakama na mashirika makubwa ya dunia yamekuwa yakilijibu kwa miaka mingi, na mara nyingi yamelijibu vibaya.

KAMERA ILIVYO

Kwanza tuijue ala yenyewe. Mtambo huu wa picha kubwa, IMAX, ulibuniwa na Wakanada wanne, Graeme Ferguson, Roman Kroitor, Robert Kerr na William Shaw, ukaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Ukanda wake una upana wa milimita 70, nao hupita ndani ya mashine ukiwa umelazwa, si umesimama kama ule wa sinema za kawaida. Kwa hivyo picha moja yake ina eneo karibu mara kumi ya picha ya ukanda wa milimita 35 tuliokuwa tukionyeshwa Regal, Majestic na Naaz. Ndiyo maana hata ikikuzwa namna ile haichujuki.

Walakini ukubwa huo una gharama. Ukanda wa futi 1,000 humalizika kwa muda wa dakika tatu hivi. Kamera ni nzito, yataka watu wa kuibeba, na ikienda hunguruma, hata kunasa maneno ya mtu aliye mbele yake ni taabu. Basi aghalabu sauti hutiwa baadaye, katika chumba kilichofungwa, na msimulizi.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Simba hahitaji kusikizwa, yatosha aonekane. Mlima hauna hoja ya kutoa. Lakini mzee wa Kimasai akiulizwa habari ya malisho, ataanza kwa salamu, ataje rika lake na ukoo wake, aeleze babu zake walikuwa wakihamia wapi mvua za vuli na wapi kiangazi. Kabla hajafika penye maudhui, ukanda umekwisha. Mtambo wa namna hii wampenda mnyama na mandhari kwa maumbile yake, na mwanadamu humpenda anyamazapo. Siku hizi zipo kamera za dijitali zisizo na dhiki hiyo, lakini desturi ilikwisha wekwa: wenyeji wasimame, jua lichwe nyuma yao, na mtu mwingine awasemee.

Sisemi kuwa George Casey na wenzake walidhamiria ubaya. Nasema kuwa shahidi huyu ana jicho kubwa na sikio dogo, na mwenye kumsikiliza sharti ayajue hayo.

NYIKA ILIYODHANIWA TUPU

Tuje kwenye yaliyonyamaziwa. Jina Serengeti latoka kwenye Kimasai, siringet, yaani uwanda uendeleao bila kikomo. Mahali penye jina la watu hapakukosa watu.

Kuanzia mwaka 1890 hivi, ugonjwa wa sotoka uliingia katika nchi ya Wamasai ukitokea kaskazini, ukafagia ng'ombe. Nyumbu na nyati nao hawakusalimika. Baada ya sotoka ikaja njaa, na ndui juu yake. Mwaustria Oscar Baumann alipopita Ngorongoro mwaka 1892 alikuta Wamasai waliokwisha kukonda, wengine wakingojea kufa. Msafara wake uliondokea Tanga, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi kutoka pwani hii yetu. Maana yake ni kuwa hata babu zetu walikuwa mashahidi wa msiba ule, ingawa hakuna aliyewauliza.

Wazungu waliofuata wakaikuta nchi ina watu wachache na mifugo michache, wakadhani ndivyo ilivyoumbwa. Waliona makaburi wakayaita bustani. Katika dhana hiyo ndimo ilimozaliwa fikra ya mbuga isiyoguswa na mkono wa mtu, na picha kubwa ikairithi.

Mwaka 1951 Waingereza waliitangaza Serengeti kuwa hifadhi ya taifa, na wakati huo Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Wamasai walikuwa wakiishi humo, na mgogoro ukaanza mara moja. Katika mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai waliwekewa karatasi, wakakubali kuiacha Serengeti. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana habari ya karatasi. Tangu ile Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 tumeona jinsi mtu anavyoweza kulala mwenye shamba akaamka mkaaji tu. Nao Wamasai wa upande wa Kenya walikwisha onja: mapatano ya 1904 na ya 1911 yaliwatoa katika malisho yao mema ili walowezi wapate nafasi.

Mwaka 1959 mpaka ukakatwa. Serengeti ikawa ya wanyama peke yao. Ngorongoro ikafanywa eneo la hifadhi ambamo Wamasai na wanyama wangekaa pamoja. Gavana wa Tanganyika, Sir Richard Turnbull, akawaambia viongozi wa Kimasai mwaka huo huo kwamba pakitokea mgongano kati ya maslahi ya wanyama na maslahi ya watu wa Ngorongoro, ya watu yatatangulizwa. Ahadi hiyo haikuwekwa chini ya mto ikasahauliwa. Wajukuu wa waliopewa bado waitaja.

Na wakati huo huo picha ilikuwa kazini. Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walikuwa wakiruka juu ya Serengeti kwa ndege waliyoipaka milia kama punda, wakihesabu wanyama na kupiga filamu. Januari 1959 Michael alianguka na ndege akafa, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Grzimek aliwapenda wanyama kwa moyo wake wote, na fedha alizochangisha zilisaidia kupiga vita ujangili. Lakini yeye alishikilia kuwa hifadhi ya taifa isikaliwe na mtu yeyote, hata mwenyeji. Watu wengi wa Ulaya waliitazama filamu ile wasipate kumjua Mmasai hata mmoja kwa jina, na fikra yao ndiyo iliyopimiwa sera na misaada kwa miaka iliyofuata.

Kuna jambo moja ambalo hunichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Kundi lile kubwa la nyumbu lililotushusha pumzi katika jumba la makumbusho si la tangu na tangu. Mwanzoni mwa miaka ya sitini nyumbu wa Serengeti walikuwa yapata robo milioni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya sabini walikuwa wamepita milioni moja. Sababu kubwa ni kwamba ng'ombe wa wafugaji waliozunguka mbuga walichanjwa sotoka, ugonjwa ukakosa makao, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Yaani ajabu ile ya dunia ilitokana kwa sehemu kubwa na sindano iliyotiwa ng'ombe wa Wamasai na majirani zao. Mimi, katika filamu ile, sikulisikia hilo likisemwa. Wala sikusikia habari ya wazee 12.

LUGHA YETU, WATU HAWAMO

Mwaka ule ule wa 1994, sauti ile ile ya James Earl Jones ilisikika katika filamu nyingine iliyoenea dunia nzima, The Lion King ya kampuni ya Disney, akiwa ndiye Mufasa, mfalme wa simba. Watoto wetu waliipenda, na wazazi tulifurahi kusikia Kiswahili: Simba, Rafiki, hakuna matata. Lakini hebu itazame tena. Ni nchi ya Afrika iliyojaa majina ya lugha yetu, na ndani yake hamna mwanadamu hata mmoja. Tulikopwa maneno, wasemaji wakaachwa nje.

Ile ni hadithi ya kuchora, nayo haidai kuwa kweli. Filamu ya mbuga yadai. Mtoto aliyezitazama zote mbili atakuwa amefundishwa somo moja mara mbili, na atakapomwona Mmasai kwenye kiwambo atauliza kama alivyouliza mpwa wangu: nani alimruhusu? Hakuuliza vile kwa ujinga. Aliuliza kwa sababu picha ilikwisha mpa jibu la kwanza, kuwa pale ni kwa wanyama.

Na watoto hukua. Wengine huwa watalii, wengine huwa wafadhili, wengine huketi penye kuamua. Hapo ndipo picha inapoacha kuwa mchezo.

YALIYOPITA SI YALIYOPITA

Aprili 2022 Tanzania ilizindua huko New York filamu ya The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alimtembeza mwandishi Peter Greenberg nchini mwake, kuanzia Zanzibar hadi mbugani. Nia yake ilikuwa kuwavuta wageni baada ya dhiki ya korona, na ni nia njema. Nchi ina haki ya kujitangaza. Lakini miezi miwili haikutimia, Juni 2022, askari waliingia Loliondo, kaskazini mwa Ngorongoro, kuweka vigingi vya mpaka wa kilomita za mraba 1,500 zilizokusudiwa kuwa pori la akiba. Wamasai wakapinga. Askari mmoja wa polisi aliuawa, raia kadhaa wakajeruhiwa kwa risasi, na wengine wakavuka mpaka kuja kutibiwa Kenya. Mwaka huo huo ukaanza mpango wa kuwahamisha watu wa Ngorongoro hadi Msomera, wilayani Handeni, Mkoa wa Tanga, mwendo wa mamia ya kilomita. Serikali ikasema wanahama kwa hiari. Wengi wa waliobaki wakasema hiari gani hiyo, ilhali huduma za shule na hospitali zazidi kufifia walipo.

Insafu yataka tuseme na hoja ya Serikali. Kwa hesabu inayotajwa, mwaka 1959 Ngorongoro ilikuwa na watu wapatao 8,000. Leo wamepita 100,000, na mifugo yao ni mingi. Ardhi haikuongezeka. Mtu mwenye akili hawezi kusema kuwa hapo hapana tatizo. Lakini tatizo la watu hujadiliwa na watu wenyewe. Kilimo kilipigwa marufuku Ngorongoro mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009, huku mahoteli na magari ya wageni yakiongezeka. Ikiwa mzigo umezidi, kwa nini apunguzwe mwenye mji kwanza na mgeni awe wa mwisho?

Agosti 2024 maelfu ya Wamasai walisimama barabarani Ngorongoro kwa siku kadhaa, magari ya watalii yakiwapita. Miongoni mwa manung'uniko yao ni kuwa vituo vyao vya kupigia kura vilikuwa vimeondolewa. Desemba 2024 Rais Samia alikutana na viongozi wao Arusha akaahidi tume mbili, moja ya ardhi na moja ya zoezi la kuhama. Kukutana ni bora kuliko vigingi, nasi twamsifu aliyeketi akasikiliza. Lakini kusikiliza huko kungalitangulia lau watu wangalionekana kuwa wenye neno tangu mwanzo.

Jambo hili lina hukumu, tena imetolewa jirani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu yaketi Arusha, mji uo huo ambako safari za watalii huanzia. Mwaka 2017 iliamua kuwa Serikali yetu ya Kenya ilikosea kuwatoa Waogiek katika msitu wa Mau, na kwamba hoja ya kuhifadhi msitu haikutosha kuhalalisha kufukuzwa kwao. Na tarehe 23 Juni 2022, siku chache tu baada ya risasi za Loliondo, mahakama hiyo hiyo iliamuru Waogiek walipwe fidia na wapewe hati za ardhi yao. Hukumu hiyo imekuwa nzito kutekelezwa, lakini imekwisha andikwa. Hifadhi si kibali cha kumfuta mtu.

SISI NASI

Msomaji wangu wa Lamu, Malindi au Tanga aweza kusema: haya ni ya bara, ni ya Mzungu na Mmasai, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa njia zaidi ya moja.

Kwanza, tusiseme ni Mzungu peke yake. Tangu miaka ya tisini kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilikuwa mikononi mwa kampuni iliyotoka Falme za Kiarabu. Waliokuja kuwinda humo walikuwa ndugu zetu katika dini. Hilo halitupi ruhusa ya kunyamaza. Kwa kweli latuzidishia wajibu. Dhuluma haibadiliki jina kwa sababu mwenye kunufaika nayo aswali pamoja nasi.

Pili, tunao majirani zetu Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, katika vijiji kama Basuba, Mangai na Mararani ndani ya msitu wa Lamu. Ni Waislamu wenzetu. Walikuwa wakiishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchuma matunda ya porini, na mnyama wakimtwaa kwa kiasi cha haja. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote ili kuokoa ndovu na vifaru waliokuwa wakimalizwa na majangili wenye bunduki. Mwenye upinde akatiwa katika kapu moja na mwenye bunduki, na riziki yake ikawa hatia. Wakaambiwa walime, wakilima, nyani na nyati huvuna kabla yao. Ukaja mwaka 2015, operesheni ya kuwasaka magaidi ikauingia msitu ule, hata kurina asali kukawa kwa hofu. Nani kati yetu wa mjini aliyewapigia kelele? Tukienda huko twataka kuonyeshwa ndege wa asali na mtu anayempigia mluzi. Twampiga picha, twarudi zetu. Nasi tuna kiwambo chetu, kidogo cha simu, lakini jicho lake ni lile lile.

Tatu, sisi wenyewe tumo pichani. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu hapo hapana jarida la wageni lisilokuwa na jahazi likishusha tanga magharibi, punda kichochoroni na mama wa buibui akipita mlango wa kuchongwa. Picha nzuri. Lakini mvuvi aliyezuiwa na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu hamo. Yeye ilimbidi aende mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Angalingoja picha imsemee angalingoja sana. Basi anayejua kiu cha kutosikizwa asimnyime jirani maji.

JIBU LA MTOTO

Sitaki filamu hizi zichomwe wala zisusiwe. Mtoto wa Mombasa ambaye hajafika Mara naye ana haki ya kuona nyumbu wakivuka. Ninalotaka ni kuwa shahidi akamilishe ushahidi wake. Katika dakika arobaini, dakika mbili zatosha kumwacha mwenyeji aseme kwa kinywa chake na lugha yake, maandishi yapite chini. Jina lake liandikwe, kama linavyoandikwa jina la mpiga picha na la mpishi wa kambi. Itajwe mwaka gani ardhi ilikatwa, na nani aliahidi nini. Na vijana wa Kimasai, wa Kiaweer na wa Kiogiek ambao sasa wana kamera zao mikononi wapewe kiwambo, si wapewe sifa tu ya kuwa wazuri wa kupigwa picha. Juni 2022 picha nyingi tulizoziona za Loliondo zilitoka katika simu za wenyeji wenyewe. Zilikuwa ndogo, zikitetemeka, wala hazikuwa na jua la kuchwa. Zilisema kweli.

Walimu wanaowapeleka wanafunzi mbugani nao wana kazi. Mtoto akionyeshwa simba, aonyeshwe na mahali palipokuwa boma. Akifundishwa idadi ya nyumbu, afundishwe na habari ya ng'ombe waliochanjwa.

Mpwa wangu sasa ni kijana, ana ndevu, na majuzi nilimwandikia. Nilimwambia: mwanangu, siku ile uliniuliza ni nani aliyewaruhusu Wamasai kukaa kwa wanyama. Hakuna aliyewaruhusu, kwa kuwa hawakuomba. Walikuwako, na wanyama walikuwako pamoja nao. Ruhusa waliitoa wao, kwa karatasi ya mwaka 1958, nao wakaahidiwa malipo ya kutosumbuliwa tena. Deni hilo halijalipwa. Ukiiona tena picha ile, itazame kwa raha yako, kisha uwaeleze walioketi kando yako.

Akanijibu kwa maneno machache: "Mjomba, mbona hukuniambia siku ile?" Sikuwa na la kujitetea. Nami nilikuwa nimeshiba macho, nikanyamaza.

Nafunga kwa ubeti mmoja, nikiomba radhi kwa washairi wenzangu wenye kujua zaidi:

Picha kubwa yasifiwa, kila kiumbe yatiya,
Na nyumbu wahesabiwa, simba nao huingiya,
Mwenyewe alotolewa, jina hatukusikiya,
Shahidi akiitiwa, nusu asije fukiya.